Wikendi ya Wawili, Pikipiki Moja: Mwongozo Kutoka Kiti cha Nyuma

Miongozo mingi ya safari za pikipiki huandikwa na mshika usukani. Yeye anaijua injini, anazijua kona, anajua tangi limebakiwa na nini. Lakini muulize mguu wa aliyekaa nyuma yake ulianza kufa ganzi kilomita ya ngapi: hana habari. Mimi ndiye wa nyuma. Huu ni mwaka wa saba nakaa nyuma ya Baba Neema, na kila tukipata wikendi ambayo watoto wako kwa bibi yao, tunatoka Jumamosi alfajiri kwenda kutazama kijiji cha kale, tunarudi Jumapili. Vingine bado vina watu wake. Vingine ni mahame: wenyewe walihama zamani, yakabaki magofu, makaburi na visima.

Ninayoeleza hapa ni kwa wenye pikipiki ya kawaida, siyo yale madude ya kuvukia mabara. Yetu ni ya cc 150, kiti kirefu kimoja, keria ndogo nyuma. Inatosha.

Safari ya kwanza aliipanga yeye. Vijiji vitatu, kilomita 310, siku moja. Kwenye karatasi ilipendeza. Kijiji cha kwanza tulikaa dakika ishirini kwa sababu "bado kuna viwili". Cha pili sikumbuki kitu isipokuwa kivuli cha mti niliolala chini yake. Cha tatu tulifika saa kumi na mbili kasoro robo, mlinzi anafunga geti. Nikataka kushuka, mguu wa kulia ukagoma kuvuka kiti, Baba Neema akanibeba kunishusha kama anavyoshushwa mtoto juu ya punda. Magofu tuliyaona kwa kuchungulia kwenye uzio. Usiku huo hatukusemeshana.

Tangu hapo ratiba naipanga mimi.

Umbali hupimwa kwa magoti ya wa nyuma

Dereva ana usukani wa kushika, ana tangi la kubana kwa mapaja, na akili yake ina kazi. Abiria ana nini? Vikanyagio vyake viko juu kuliko vya dereva, kwa hiyo magoti yamekunjwa zaidi. Shimo analijua likishampiga. Ndiyo maana kilomita moja ya nyuma ni ndefu kuliko ya mbele, na ndiyo maana safari ya wawili hukatwa kwa kipimo cha nyuma.

Kwa wanaoanza, kijiji kisizidi kilomita 120 kutoka mlangoni kwenu. Msipige hesabu kwa kasi ya barabara kuu. Ukijumlisha matuta, malori, vituo na kupotea njia, pikipiki ndogo yenye watu wawili hutoa wastani wa kilomita 45 kwa saa, na 120 kwa mwendo huo ni saa mbili na dakika arobaini. Mkitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tatu na dakika kumi mko kijijini, jua bado halijawa kali na mna mchana mzima. Kijiji kimoja Jumamosi. Cha pili, kama kipo jirani, Jumapili asubuhi kabla ya kugeuza. Cha tatu kitawasubiri. Kimesubiri miaka mia kadhaa, hakitashindwa na miezi miwili.

Vituo tunaweka kila kilomita 40, tumechoka hatujachoka. Hili niling'ang'ania sana mwanzoni kwa sababu Baba Neema ni wa "tumalizie tu, pamebaki kidogo". Ukisubiri mwili ukwambie umechoka, umechelewa: utashuka umekakamaa, na dakika tano hazitakunyoosha. Ukishuka mapema, dakika tano zinatosha. Mnatembea hatua mia, mnakunywa maji, mnapanda. Maji ni muhimu kuliko unavyodhani, maana upepo unakausha jasho kabla hujalihisi na unajiona mkavu, kumbe unapungukiwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa: tazama kijiji kiko upande gani wa dunia. Kikiwa magharibi mwenu, Jumamosi asubuhi mnakwenda jua likiwa mgongoni, na mkirudi Jumapili mchana, jua limeshageuka, bado liko mgongoni. Kikiwa mashariki, mnakwenda asubuhi na kurudi jioni jua likiwa limekodoa machoni mwa dereva safari zote mbili, na madereva wanaokuja nyuma yenu nao wanapigwa na jua hilohilo, hawawaoni vizuri. Siyo kwamba msiende mashariki. Ondokeni wakati jua limeshapanda, mrudi kabla halijashuka.

Na kabla ya yote, pigeni simu muulize geti linafungwa saa ngapi. Siyo linafunguliwa saa ngapi, linafungwa.

Kilo saba

Kila pikipiki ina kikomo cha uzito, kimeandikwa kwenye kitabu chake, wakati mwingine kwenye kibandiko karibu na mnyororo. Yetu inasema kilo 160, watu na kila kilichopanda pamoja nao. Baba Neema ana 78. Mimi nina 67, hapa hatufichani. Jumla 145. Kofia mbili, majaketi, viatu: tulivipima kwenye mzani wa bafuni, kilo nane. Tumefika 153. Zimebaki kilo saba za mizigo kwa siku mbili, maji yakiwemo.

Fanyeni hesabu hiyo mezani kabla hamjafungua begi. Itamaliza ubishi mwingi. Jozi ya tatu ya viatu inajiondoa yenyewe.

Kilo saba zetu ziko hivi: nguo za kubadili za mtu mmoja mmoja zimekunjwa kama mikate ndani ya mifuko ya nailoni, makoti ya mvua juu kabisa ambapo mkono unafika bila kufungua kitu, lita mbili za maji, pampu ndogo na vifaa vya kuziba pancha, spana za pikipiki, tochi, dawa chache na bandeji. Vyenye uzito hukaa chini na katikati, karibu na dereva iwezekanavyo. Keria ya nyuma siyo stoo. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma unafanya kazi kama mtoto mnene kwenye ncha ya bembea: mbele kunakuwa kwepesi, usukani unaanza kutetemeka.

Funga kwa mikanda ya bapa yenye kibano, siyo zile kamba za mpira zenye ndoano peke yake. Ndoano ikichomoka inaruka kuelekea machoni. Kila ncha ya mkanda inayoning'inia uifunge. Sisi somo tulilipata kwa koti la mvua: mkono wake ulichomoka kwenye fundo, ukaenda kulala juu ya bomba la moshi. Nilisikia harufu ya plastiki, nikadhani tunapita jirani na jalala. Tulipopita jalala la tatu ndipo nikageuka. Koti lilikuwa limebaki na mkono mmoja, na bomba hadi leo lina kovu jeusi.

Uzito wa mtu wa pili unabadilisha pikipiki yenyewe, na hili dereva asilipuuze. Tairi la nyuma linataka upepo zaidi. Yetu ni psi 29 kwa mtu mmoja na 33 kwa wawili, ya kwenu someni kwenye kibandiko, na mpime asubuhi tairi likiwa la baridi maana likipata moto namba inapanda na kukudanganya. Springi za shokapu zikazeni kwa ile ringi yenye meno, hatua moja au mbili. Mnyororo upimeni wote wawili mkiwa mmekaa, mtu wa tatu ashike: pikipiki ikishuka kwa uzito, mnyororo hukaza, na uliokuwa na ulegevu mzuri ikiwa tupu unaweza kuwa umekaza kama uzi wa gitaa mkipanda. Taa ya mbele nayo hunyanyua uso nyuma ikizama. Ukiona wanaokuja wanakuwashia full wakati wewe uko kwenye dim, siyo ukorofi wao.

Mtandio wa Nice

Tarehe 14 Septemba 1927, katika mji wa Nice, Ufaransa, mcheza dansi mashuhuri Isadora Duncan alipanda gari la wazi akiwa na skafu ndefu ya hariri shingoni. Ncha yake ikanaswa na gurudumu. Hakupona. Lile lilikuwa gari, magurudumu yako mbali na abiria. Kwenye pikipiki, tairi na mnyororo viko sentimita chache kutoka kwenye kisigino chako.

Kwa hiyo mtandio, dera, kanga ya kiunoni, koti refu lisilofungwa: vyote vinaingia begini, vinatoka tukifika. Mimi huvaa suruali ngumu, jaketi lililofungwa mpaka juu na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Kanga ninayo, na kijijini naihitaji sana, hasa pale penye msikiti wa kale au makaburi. Inasafiri ikiwa imekunjwa kwenye begi. Kukaa upande, miguu yote kushoto kama bibi harusi, msithubutu kwa safari ya saa mbili. Huna cha kubana kwa magoti, na pikipiki ikilala kwenye kona mwili wako hauwezi kulala nayo.

Kofia ngumu iwe ya kila mtu na ya kichwa chake. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, lakini hiyo ni kofia iliyobaki kichwani. Ivae, funga kamba chini ya kidevu, halafu mwenzako asimame nyuma yako, ashike ukingo wa chini wa kisogoni, ajaribu kuivingirisha kuelekea mbele. Ikitoka, siyo yako. Ya kwanza kununuliwa mimi ilitoka kama kifuniko cha sufuria.

Masikio pia. Upepo ndani ya kofia kwenye barabara kuu unavuka desibeli 90, na sikio huanza kuumia kwa kelele za muda mrefu kuanzia 85 hivi. Vizibo laini vya sponji vinauzwa famasi. Tangu nianze kuvivaa, kichwa hakiniumi Jumamosi jioni. Zamani nilikuwa nalaumu jua.

Namna ya kuwa mzigo mzuri

Kupanda na kushuka ni kwa amri ya dereva. Yeye anakaa kwanza, anaweka miguu yote miwili chini, anashika breki ya mbele, anasema "panda". Mimi hupanda kutoka kushoto, kwa sababu pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia, na shavu la mguu lililoungua haliponi wikendi hiyo. Kushuka vilevile: nagonga bega, nasubiri aseme. Mara moja nilishuka bila kusema kwa kuwa nilikuwa nimeona mbuzi mzuri wa kupiga picha. Pikipiki ikalala chali na dereva wake. Mbuzi alikimbia.

Kwenye kona, kazi yako ni moja: angalia juu ya bega la dereva la upande ule mnaokunja. Kona ya kushoto, bega la kushoto. Basi. Kichwa kikienda, mwili unakifuata kwa kipimo kinachotakiwa, wala huhitaji kujipinda. Kosa la wageni wote ni kuogopa pikipiki inavyolala na kujivuta upande wa pili ili "kuisawazisha". Dereva anaanza kupigana na wewe badala ya kupigana na kona. Baba Neema aliniambia siku za mwanzo: "Mama Neema, kuwa gunia." Nilinuna, lakini alikuwa sahihi. Gunia la mahindi lililofungwa vizuri halina maoni kuhusu kona.

Akifunga breki, wewe unateleza mbele na kumkandamiza kwenye tangi, na mikono yake ikibebeshwa uzito wa wawili hawezi kukata kona wala kukwepa. Kwa hiyo ukiona anapunguza mwendo, weka viganja viwili kwenye tangi, mmoja kila upande wa kiuno chake, ujisukume nyuma. Kama hufiki tangi, bana magoti kwenye nyonga zake na ushike keria kwa mkono mmoja. Mara ya kwanza utachelewa na kofia zenu zitagongana, ko! Hiyo sauti ni alama ya kwamba ulikuwa unatazama pembeni.

Naye ana wajibu wake. Pikipiki yenye wawili inachelewa kusimama na inachelewa kukolea, kwa hiyo kuovateki lori kunataka nafasi ndefu kuliko alivyozoea, na umbali wa kufuata gari la mbele uongezeke. Kwa kilomita 80 kwa saa mnakula mita 22 kila sekunde. Sisi hutumia sekunde nne: gari la mbele likipita nguzo, mimi nahesabu kimoyomoyo "mia moja na moja, mia moja na mbili"; tukifika kwenye nguzo kabla ya "mia moja na nne", nagonga bega.

Lugha ya kugonga ndiyo simu yetu, hatuna vile vyombo vya kuongelea ndani ya kofia. Kugonga mara moja bega la kulia: punguza. Mara mbili: simama ukipata pazuri. Kupapasa mgongo kwa kiganja wazi: naona kitu kizuri, lakini endelea. Kubana kiuno kwa nguvu: simama sasa, usiulize. Na tulikubaliana kitu kimoja kabla hatujaanza, nakiona ndicho kilichotufikisha miaka saba: anayetaka kupunguza mwendo ndiye anayeshinda, siku zote, bila mjadala barabarani. Mjadala ni kituoni.

Mchanga. Vijiji vya kale vina tabia ya kukaa mwisho wa njia mbaya. Tukifika kwenye mchanga mzito au tope, mimi nashuka natembea. Siyo aibu. Pikipiki nyepesi inapita, nzito inaserereka, na dereva anaweza kutanua miguu bila kunipiga. Nimetembea mita mia tano nikiwa na kofia kichwani, watoto wa kijiji wakinisindikiza wakiuliza kama nimeachwa. Wakati mwingine hivyo ndivyo tunavyopata mwenyeji.

Zimeni injini mapema

Msiingie kijijini na mngurumo. Njia za kale zilichongwa kwa upana wa mtu na mnyama, kuta zinarudisha sauti, na ndani ya nyumba hizo kuna mgonjwa au mtoto aliyelala. Simameni pembezoni, ulizeni pa kuegesha, stendi ya pembeni iwekeni juu ya jiwe bapa au kipande cha ubao ili isizame, halafu miguu. Mawe ya njia yaliyosuguliwa na nyayo za miaka mingi yakiloa ni sabuni kwa tairi.

Kuna vijiji ambavyo hata mkitaka hamuwezi. Civita di Bagnoregio huko Italia kimekaa juu ya kilima kinachomomonyoka, na mgeni anaingia kwa kutembea kwenye daraja refu. Kuna vingine ambavyo kizuizi ni heshima. Oradour-sur-Glane, Ufaransa, wanajeshi wa SS, jeshi la Wanazi wa Ujerumani, waliua watu zaidi ya 640 tarehe 10 Juni 1944 wakakichoma moto. Magofu yaliachwa kama yalivyo, magari yameoza barabarani, cherehani zimepata kutu ndani ya kuta zisizo na paa, na wageni wanaombwa wanyamaze. Na Shirakawa-gō, Japani, zile nyumba za paa refu la nyasi zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995 zina wenyewe, wanapika na kulala humo. Kabla hamjafika popote jueni mnakwenda kwenye lipi kati ya hayo: nyumba za watu, magofu, au kaburi. Mwendo wenu ndani yake unategemea jibu.

Sasa mtazame nini? Hapa ndipo wengi wanapozunguka dakika kumi na tano, wanapiga picha ya ukuta, wanasema "kumbe ni mawe tu". Nawapa njia yangu: anzeni na maji. Pasipo na kisima, mto au birika hapakuwa na kijiji, na ukishajua maji yalikuwa wapi utajua njia kuu ilipita wapi, nani alikaa karibu nayo na nani alitembea mbali. Magofu ya Gedi, pwani ya Kenya, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024, yana visima ndani ya ukuta, vikiwemo vya misikiti. Fuata visima tu, utaona mji unajipanga wenyewe.

Ukifika kisimani, inama utazame mdomo wake. Kwenye visima vya mawe vya zamani utakuta mifereji midogo imekatwa ukingoni, laini kama ndani ya kikombe. Hakuna fundi aliyeichonga. Ni kamba. Kila siku kamba ilipita palepale ikivutwa na mtu akipandisha maji, mpaka nyuzi zikala jiwe. Kuna kimoja niliweka kidole changu cha shahada ndani ya mfereji, kikazama chote. Pembeni yake kulikuwa na mwingine mfupi, haufiki nusu, umekaa chini kidogo upande ambao ukingo umebomoka. Nilimwita Baba Neema. Tulibishana pale nusu saa kama ule mfupi ulikuwa wa watoto, au watu walihamia upande huo baada ya ukingo kuvunjika. Hatujui mpaka leo. Nusu saa ile tusingeipata siku ya vijiji vitatu.

Baada ya maji, makaburi. Tafuteni maandishi na tarehe, na mkumbuke kwamba mwaka unaweza kuwa wa Hijria: kaburi moja la Gedi limeandikwa 802, ambao ni 1399 Miladia. Baada ya makaburi, kuta. Msizipande wala kuziegemea. Chokaa ya zamani ikishafungua mikono inatoka kama unga. Tazameni pale rangi ya mawe inapobadilika ghafla, hapo pana mlango uliozibwa au ukuta ulioongezwa, na muulize kwa nini. Kigae cha chungu mkikiona chini, kitazameni, kirudisheni palepale. Kikiondoka pale kilipolala kinakuwa kipande cha udongo tu.

Na kama kuna mzee wa hapo, kaeni naye kabla ya kuzunguka, siyo baada. Shikamoo kwanza, habari za hapa, ndipo maswali. Swali langu la siku zote ni "maji mlikuwa mnateka wapi ukiwa mdogo?" Swali hilo halijawahi kukosa jibu refu. Picha ya mtu au ya mlango wake, omba. Akikataa, weka simu mfukoni kabisa, usiishike mkononi kama mtu anayevizia.

Jumapili

Rudini mchana, siyo jioni. Uchovu wa siku ya pili ni mkubwa kuliko wa kwanza hata umbali ukiwa uleule, na giza likiwakuta barabarani na taa moja hamtaona tuta lisilochorwa. Sisi saa sita mchana tumeshageuza. Mafuta tunajaza tangi likifika nusu, kwa sababu pikipiki yetu inayokwenda kilomita 45 kwa lita akiwa peke yake hushuka mpaka 36 tukiwa wawili na vilima, na vituo vya huko vina tabia ya kuwa na pampu bila mafuta.

Mkifika nyumbani, mnyororo ukiwa bado na moto, futa vumbi utie oili; inaingia vizuri kuliko kesho yake. Gusa spoki za nyuma moja moja kwa spana, zisikilize. Iliyolegea inatoa mlio mzito. Rudisha upepo na shokapu kwenye kipimo cha mtu mmoja, maana Jumatatu anakwenda kazini peke yake na pikipiki itamrusha kama farasi.

Mimi kabla ya kuvua viatu naandika kwenye daftari dogo ninaloliweka kwenye begi. Siyo habari za kijiji, hizo tunazikumbuka. Naandika mwili: wapi kuliuma, kuanzia kilomita ya ngapi. Ukurasa wa mwisho unasema: "Goti la kulia, kilomita 61. Kiuno hakijauma. Kofia zimegongana mara mbili, zote kosa langu. Kituo cha pili kisogezwe nyuma, pale penye mkuyu."

Baba Neema aliusoma, akaenda kufungua ramani kutafuta mkuyu.